Yai, Kiberiti na Upande wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Gari letu limekufa leo. Maji ya barabara ya sokoni yameingia kwenye injini. Fundi amefungua boneti, akatazama, akaifunga bila kusema neno. Fundi akinyamaza namna hiyo, ujue hata yeye ameona haya kukudanganya. Na mvua zenyewe ndiyo kwanza zimeanza.

Mume wangu hakusikitika hata kidogo. Amesema, "Mwalimu, sasa tununue la umeme. Dogo tu, la mjini." Amesema haraka mno, kama aliyekuwa na jibu mfukoni akingoja swali. Nimeliandika hilo hapa nisije nikalisahau.

Gari hatuwezi kukaa bila. Shule zikifunguliwa mwishoni mwa Aprili mjukuu wetu anahamia shule mpya. Mama yake, binti yetu, ni muuguzi na zamu zake hazina mpangilio. Mimi nafundisha udereva, na saa moja asubuhi nishakaa na mwanafunzi wa kwanza. Anayebaki ni babu mtu, aliyestaafu mwaka jana. Kwa hiyo gari litakuwa letu sote, ila dereva wa mtoto ni yeye, kama alivyokuwa akimpeleka shule ya awali.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Mwanafunzi wa asubuhi ameingia mtaroni kwa adabu zote: ametoa ishara kwanza.

Jumamosi, 8 Machi

Tumekwenda kutazama magari. Muuzaji ni mwanamke wa makamo ya binti yetu, ana tabasamu ambalo halizimwi hata akimeza mate. Nimempa jina la Bi Tabasamu.

Alituonyesha matatu. La kwanza lina viti viwili na umbo la mende, nikamuuliza mtoto tutamweka kwenye paja la nani. Mende akaishia hapo. La pili ni jeupe, la mviringo, mimi naliita Yai. Halina mbwembwe, hata vioo vya pembeni unavirekebisha kwa mkono. Lakini betri yake ni kubwa, na kwa mizunguko yetu ukilichaji nyumbani usiku mmoja unasahau habari ya chaji kwa siku kadhaa. La tatu ni la pembe nne, Kiberiti. Kiberiti kina betri ndogo ya kuchaji kila siku iendayo kwa Mungu, na buti lisiloingia mkoba wa shule pamoja na mwavuli. Ila kina vikorombwezo: kamera, taa za onyo kwenye vioo vya pembeni gari likikujia ubavuni, na breki inayojikamata yenyewe ikiona kitu mbele.

Mimi nilikwisha chagua Yai kabla sijafika mlangoni. Mume wangu akachukua karatasi za Kiberiti akazisoma zote, hadi yale maandishi ya chini kabisa yanayoandikwa ili yasisomwe. Alikuwa msoma prufu, wa kusaka makosa kabla ya kuchapwa, kwenye kiwanda cha uchapaji maisha yake yote. Macho yake ndiyo yaliyoilisha nyumba hii. Akaona nukta imerukwa, akamwonyesha Bi Tabasamu, wakacheka pamoja. Sikuona cha kuchekesha.

"Tuchukue hili," akasema.

"Betri je?"

"Tutachaji."

"Na umeme ukikatika?"

"Mwalimu, hili lina akili."

Gari lina akili! Mtu aliyekuwa akigombana na simu yake mwaka jana tu.

Nimeyaendesha yote mawili mimi. Sisi tuna sharti letu: tukiwa wawili garini, naendesha mimi. Aliliweka yeye, zamani, tukienda kumzika mjomba wake. Nilimsahihisha gia, nikamsahihisha ishara, nikakanyaga sakafu kila alipochelewa kushika breki, mpaka akaegesha pembeni, akashuka, akanipa ufunguo. "Kuanzia leo," akasema, "mimi nikiwa na wewe ni abiria." Ndoa yetu imekaa kwa amani tangu hapo. Kazi yangu ni kumshuku aliyeshika usukani, na siwezi kuiacha kazini kama mwavuli.

Jumatano, 12 Machi

Alitoka asubuhi, akasema anakwenda kuwaona wenzake wa kiwandani. Amerudi mchana amevaa miwani ya jua. Mvua inanyesha, mawingu yametua juu ya paa, na mzee wa watu amevaa miwani myeusi kama mwanamuziki.

"Ya nini hiyo?"

"Nimeipenda."

Alipoivua macho yalikuwa mekundu, yana machozi. Nikamnusa kijanja. Hakuna pombe. Basi alilia? Kwa nani?

Jumamosi, 15 Machi

Bi Tabasamu amepiga simu mara mbili. Zote mbili mume wangu amezipokelea barazani.

Jumapili, 16 Machi

Mjukuu kashinda hapa. Tunamwita Kasuku, kwa kuwa ukisema jambo nyumbani leo, kesho mtaa mzima unalo. Nikaona huyu ndiye wa kumchokonoa. Nikamuuliza, babu akikupeleka shule mlikuwa mnapitia wapi? Mlikuwa mnamkuta nani?

"Hatumkuti mtu. Tunacheza mchezo."

"Mchezo gani?"

"Mchezo wa upande wangu. Nikiona kitu huku," akaonyesha mkono wa kushoto, "nasema. Pikipiki! Mbwa! Mama ana ndoo! Nikisema vyote babu ananipa peremende."

Ndiyo mchezo mzima. Nimebaki na peremende badala ya ushahidi. Nikajisemea, mzee kajua kumshughulisha mtoto asitazame mambo mengine.

Jumanne, 18 Machi

Mvua mchana kutwa. Wanafunzi wawili hawakuja. Wa tatu alikuja, ingekuwa heri naye asingekuja.

Jumamosi, 22 Machi

Nimemweleza mwenzangu wa chuo cha udereva, yule tunayemwita Breki kwa sababu mdomo wake hauna. Akasikiliza huku anatafuna karanga.

"Shemeji kalishwa kitu," akasema. "Muuzaji akitaka kulitoa gari bovu anatafuta mzee mmoja mwenye heshima, anampa chake pembeni. Mzee analisifia nyumbani. Mnanunua."

"Mume wangu si mtu wa hivyo."

"Wote si watu wa hivyo, dada, mpaka wawe."

Nimemkasirikia njia nzima. Nilipofika nyumbani nikamkuta mume wangu ameziweka karatasi za Kiberiti kwenye Biblia yake, kama alama. Hasira ikahamia kwake.

Jumatano, 26 Machi

Miwani ya jua tena. Safari hii sikuuliza. Nilijifanya nachambua maharage karibu na dirisha la baraza, simu ikaita, nikamsikia kwa masikio yangu:

"Ndiyo, upande wa kushoto hasa... Hapana, usipige ya nyumbani. Mke wangu asijue kwanza."

Mke wangu asijue kwanza. Nimeyarudia maneno haya nikiosha vyombo, nikianua nguo, nikimtengea chakula. Nilipokwenda kuyatazama maharage, mawe nilikuwa nimeyaacha na maharage mazima nimeyatupa. Alikula akasifia. Miaka yote ile nikiwatilia shaka watoto wa watu wasiojua klachi ni nini, na huyu niliyemwachia mlango wazi ndiye anayeongea barazani kwa sauti ya chini.

Kama ni hongo, aseme. Kama ni mwanamke, aseme pia. Kupikiwa usaliti polepole hivi ndiko kunakoniua.

Jumamosi, 29 Machi

Nimekwenda duka la magari peke yangu, kwa miguu, matope hadi magotini. Nilikuwa nimepanga maneno. Bi Tabasamu akaniletea kiti na taulo, maneno yakapungua makali.

"Binti," nikasema, "wewe na mume wangu mna nini?"

Tabasamu likazimika kwa mara ya kwanza. Kumbe chini yake ana uso mzuri wa mtu aliyechoka.

"Mama, mzee ananiuliza kitu kimoja tu kila siku. Ile taa ya onyo kwenye kioo cha kushoto, je, inaweza kuongezewa mlio? Maana anasema taa hataiona. Mimi nikamwambia taa ipo palepale kwenye kioo, ataachaje kuiona? Akabadilisha habari."

"Hajakuahidi kitu? Hujamwahidi?"

"Mama, mimi hata hilo gari sijalipigia debe. Nilimwambia kwa mahitaji yenu lile jeupe ni zuri zaidi."

Nimetoka pale bila kuaga vizuri. Ningefurahi, maana hakuna hongo wala hakuna mwanamke. Lakini nilipokuwa navuka barabara neno moja lilikuwa linanitembea kichwani: hataiona.

Jumapili, 30 Machi

Asubuhi nimemwekea chai upande wa kulia. Akainywa. Ya pili nikaiweka upande wa kushoto, karibu kabisa na kiwiko chake, nikangoja. Alikuwa anasoma gazeti, anacheka na kosa la kichwa cha habari. Chai ikapoa. Mwishowe akauliza, "Leo hakuna ya pili?" Akageuka, kiwiko kikaipiga, ikamwagika mezani.

"Umeniwekea pabaya," akasema.

Nikafuta. Sijui ninachoshuku sasa. Afadhali angekuwa mwanamke.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Nimeshindwa kumuuliza.

Jumamosi, 5 Aprili

Nitaandika yote.

Nilimwambia, "Kama unakitaka Kiberiti, leo endesha wewe. Mimi nitakaa kushoto." Akanitazama sana. Akasema sharti letu je? Nikasema sharti uliliweka wewe, leo nimelivunja mimi. Mwalimu hamfelishi mtu kwa maneno ya kusikia; nilitaka kuona. Nikachagua njia ya nyuma ya maghala, ambayo Jumamosi haina watu. Bi Tabasamu akatukabidhi ufunguo, akabaki na mteja mwingine.

Mwanzo nilijilaumu. Aliendesha vizuri, taratibu, mikono mahali pake, macho mbele. Gari lenyewe halina kelele, nikawa nasikia anavyopumua. Nikaanza kujiita mchawi kimoyomoyo. Kisha mvua ikashuka yote kwa pamoja, na kwenye skrini pakatokea maandishi madogo yenye alama ya njano.

Akayasoma kwa sauti yake ya kazini, neno kwa neno bila kukosea: "Kamera imezibwa. Breki ya dharura haitafanya kazi."

Wakati anasoma, mtu alikuwa anatoka kushoto, kati ya maghala mawili, anasukuma mkokoteni na gunia kichwani la kujikinga mvua. Hakutoka ghafla. Mimi nilimwona tangu mbali. Nilingoja mume wangu apunguze mwendo. Nikangoja, kwa sababu nilitaka kuona, na Mungu anisamehe kwa hiyo nukta niliyongoja. Hakupunguza. Uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu aliye peke yake barabarani.

"Breki!" nikapiga kelele, nikausukuma usukani kulia.

Akakanyaga. Tukasimama tukiwa tumekaa mshazari. Yule mtu akapiga boneti kwa kiganja, akatutukana matusi ya haki, akaendelea na mkokoteni wake.

"Ametokea wapi?" mume wangu akauliza.

"Alikuwepo muda wote, mzee."

Akazima gari. Mvua inapiga bati la juu, vioo vimejaa mvuke. Akavua miwani yake ya kawaida, akaikunja.

"Ni presha ya macho," akasema. "Mbele naona vizuri tu. Pembeni pamefungwa. Kushoto zaidi. Daktari anasema kilichokwenda hakirudi, ni kuwahi kilichobaki. Nakwenda kwake Jumatano. Akiniwekea dawa za kupimia mwanga unaniumiza, ndiyo ile miwani."

"Tangu lini?"

"Kabla sijastaafu. Nilidhani nimezeeka tu."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungefanyaje?"

"Ningekunyang'anya ufunguo saa ileile!"

"Basi." Akageuza kichwa chote kunitazama. "Mtoto nimempeleka mimi. Mama yake hayupo, wewe hupo. Ukininyang'anya ufunguo, mimi kwenye nyumba ile ni nani? Mzee wa kusoma makosa ya magazeti? Nilisikia kuna magari yanayoona. Nikasema basi, litaniazima macho."

"Na lile la zamani lilikuwa linaona?"

Akaikunjua miwani, akaikunja tena. Hapo ndipo nilipoelewa. Pikipiki! Mbwa! Mama ana ndoo!

"Ulimfanya mtoto wa miaka sita kioo chako cha pembeni," nikasema.

Akaanza kulia. Sijawahi kumwona analia na sikumshika. Nilishuka kwenye mvua, nikazunguka, nikamwambia sogea. Nimelirudisha gari mimi.

Jumapili, 6 Aprili

Nampenda, nina hasira naye, namhurumia, na ningemzaba kofi. Nimemwambia jambo moja: binti yetu utamwambia wewe, kwa mdomo wako, kabla shule hazijafunguliwa. Kama huwezi, nitasema mimi, na nikisema mimi sitapamba.

Akasema atasema.

Jumatatu, 7 Aprili

Hajasema.

Jumatano, 9 Aprili

Tumekwenda kwa daktari wa macho pamoja. Daktari amemwambia asiendeshe tena, na kwamba akitembea ajizoeze kugeuza shingo, asitegemee macho peke yake. Ameitikia kama mwanafunzi mwema. Binti yetu alipiga simu jioni. Wameongea habari za mvua.

Ijumaa, 11 Aprili

Hajasema. Amekaanga mayai na kunisifia nywele. Hanipati.

Jumatatu, 14 Aprili

Hajasema. Nikiingia chumbani anashika gazeti. Nimekwenda kulitazama kwa nyuma: ni la wiki iliyopita.

Alhamisi, 17 Aprili

Breki kaniuliza shemeji kafikia wapi na hongo yake. Nimemwambia afunge mdomo, nikaona haya, maana na mimi niliufungua wa kwangu kwanza.

Hajasema.

Jumamosi, 19 Aprili

Amesema.

Binti yetu alipitia hapa akitoka zamu, bado na sare yake, Kasuku akiwa kwa jirani. Hata hajakaa, baba yake akasimama. Nilidhani ataanza na presha ya macho, na daktari, na dawa, azunguke zunguke hadi afike. Nilikuwa nimejiandaa kumkatiza.

"Mwanangu," akasema, "nimemwendesha mtoto wako mwaka mzima nikiwa sioni upande mmoja. Nilijua. Nilimtumia yeye anitazamie."

Binti yetu ni mtu wa wodini, hapigi kelele. Aliweka mkoba chini polepole.

"Ulijua, baba?"

"Nilijua."

"Na ukampa mkanda, ukamfunga, ukawasha gari."

"Ndiyo."

Akakaa. Kisha akanigeukia mimi, si baba yake.

"Na wewe, mama? Mtu akigusa usukani mji huu wewe unajua. Baba yangu ulikuwa humtazami?"

Ningeweza kumweleza habari ya sharti letu. Ningeweza kumweleza simu za barazani, miwani, Bi Tabasamu, mambo yote niliyoyatazama usiku na mchana. Nilikuwa namtazama kuliko mtu yeyote, mwanangu. Nilikuwa natafuta kosa, kwa hiyo sikuuona ugonjwa. Lakini hayo nimeyaandika hapa tu. Pale nilisema, "Sikuona."

Akaamua yeye, na hakuna aliyempinga. Gari nitaendesha mimi peke yangu. Mtoto hatapanda gari na babu yake, hata la kusukumwa. Kasuku atakwenda shule kwa miguu, mvua zimeanza kupungua, na nusu saa haimwui mtu.

"Na nani?" nikauliza.

Aliuokota mkoba wake, akautundika begani. Baba yake alikuwa bado amesimama.

"Na babu yake," akasema. "Kwa miguu, akimshika mkono. Siku nikisikia umechukua hata ufunguo kuusogeza tu, baba, hutamwona mpaka awe na watoto wake."

Alipoondoka mume wangu alikaa kwenye kiti kilekile alichokuwa amekalia binti yetu, akaficha uso. Safari hii nilimshika.

Jumatano, 23 Aprili

Tumenunua Yai. Bi Tabasamu amenikumbatia. Nimelichaji kwa soketi ya barazani, na majirani wamekuja kuuliza kama litatupiga shoti mvua ikinyesha. Nimewaambia hata mimi nashuku.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule zimefunguliwa. Manyunyu tu. Wametoka mapema, Kasuku na mkoba mgongoni, babu yake na mwavuli. Nimewaaga mlangoni kama mtu mwenye imani.

Kisha nikaingia kwenye Yai nikawafuata.

Najua. Lakini mguu si wa kusikia amri. Nikawa nawanyatia kutoka mbali, madereva nyuma yangu wananipigia honi, na mimi nimewahi kumfelisha mtu kwa mwendo kama ule. Walitembea upande wa ndani wa njia, mbali na magari. Kasuku alikuwa anaongea bila kupumzika. Hakuwa anatangaza pikipiki wala mbwa, alikuwa anaongea tu, mambo yake.

Wakafika kwenye njia panda kubwa, pale ninapowaleta wanafunzi wangu siku ya kuwatisha. Babu akasimama mbali na ukingo. Akafunga mwavuli ili usimzibe. Akageuza kichwa chote kushoto, mpaka kidevu kikagusa bega, akakaa hivyo. Akakigeuza chote kulia. Akarudi tena kushoto. Watu wanampita, wengine wanamgunia kwa kuwazibia njia, yeye hana habari nao. Akatazama mara nyingine, pole pole, kila upande, shingo nzima ya mzee, kisha akamshika mtoto mkono kwa nguvu wakavuka.

Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijamwona mtu akitazama barabara vile. Nilikaa pale nalia kama mjinga, honi zinalia nyuma.

Kisha nimetoa ishara, nikageuza gari, nikaenda kazini. Nimemkuta mwanafunzi wangu ananingoja mvuani, nikamwomba radhi kwa kuchelewa.